Pole za Mshindi

Mastura binti Badi alirudi kwao Mambrui na sanduku dogo na habari kubwa. Chuoni Nairobi wakuu walikuwa wamesimama ukumbini wakampigia makofi, yeye mhitimu wa juzi tu, pamoja na mwalimu wake, Daktari Mramba. Wawili hao walikuwa wameshinda tuzo ya kimataifa kwa utafiti wao wa mikoko, na mwisho wa mwezi wangeitwa Uswizi kuipokea. Kilichobaki ni idhini ya baba. Na zaidi ya idhini, Mastura alitaka kusikia neno moja tu kinywani mwake: hongera.

Habari alikuwa ameshazituma. Lakini Mzee Badi alimpokea sanduku, akamuuliza hali ya njia, kisha akarudi kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

Asubuhi jirani yao, Bi Tumu, aliingia na sahani ya mahamri chini ya kawa.

"Shikamoo, Bi Tumu."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Pole ya nini?"

"Usione haya. Mitihani yaumbwa na Mungu. Omar wangu kaanguka mara mbili, na leo ana duka Malindi."

Mchana walikuja wengine. Mmoja alimbana mkono akamwambia dunia haijaisha, ataolewa. Mastura aliwatazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Je, tuzo ilikuwa imefutwa, na yeye ndiye wa mwisho kujua?

Alimwendea baba yake. "Baba, watu wanipa pole. Umewaambia nini?"

"Nimewaambia umeanguka."

"Kwani wewe wanionea haya?"

Mzee Badi alitia uzi kwenye sindano, akakosa, akatia tena. "Zubeir tulimsomea maulidi," alisema. "Mji mzima ulikuja kumsifu."

Zubeir alikuwa kaka yake Mastura. Alifaulu kwenda sekondari, akasifiwa na kila mdomo, na kabla shule haijafunguliwa homa ikamchukua. Tangu siku hiyo baba aliyaogopa macho ya watu kuliko moto. Mastura hakuamini kwamba kijicho cha watu chaweza kuua. Alikuwa amesoma sayansi. Lakini sayansi yake haikuwa na la kumwambia mzee aliyemzika mwanawe.

"Na safari?"

"Na huko Uswizi," aliuliza baba, "hakuna macho?"

Siku ya pili Bi Tumu alikuwa tena barazani, akimsimulia habari za binamu aliyeanguka mtihani akawa fundi cherehani mashuhuri. Mastura akashindwa kuvumilia.

"Bi Tumu, sikuanguka. Nimeshinda. Nchi zote za dunia, nimeshinda!"

Bi Tumu alimgusa kipaji cha uso. "Badi! Toka nje, mtoto hajambo kweli huyu?"

Hapo hapo akatokea Daktari Mramba, Mgiriama wa Vitengeni, suti imemlowa jasho. "Hodi! Nimekuja kumwombea ruhusa mshindi wetu."

"Na huyu naye!" Bi Tumu alishika kidevu. "Hicho chuo chawafanya nini watu?"

"Mama, mimi ni mwalimu wake. Tumeshinda sote wawili."

"Naam, baba, mmeshinda. Njoo ukae kivulini." Kisha akaugeukia mlango. "Badi, msomee mwanao kabla hajaanza kuokota makopo!"

Mzee Badi alitoka na kofia mkononi, sindano ikining'inia. Alimtazama Bi Tumu, akamtazama binti yake.

"Mwanangu hana wazimu," alisema. "Ameshinda. Na ataenda."

Mara akamgeukia jirani. "Sema mashaallah, Bi Tumu, jicho lisimpate."

"Mashaallah! Lakini Badi, si wewe uliyetwambia—"

"Nawe, mwalimu. Sema."

Daktari Mramba, aliyelelewa kanisani, hakuelewa kosa lake ni lipi. Akasema mara mbili, ili kuwa salama.

Bi Tumu alipiga kigelegele, na cha pili kikajibiwa nyumba ya nyuma. Milango ilifunguliwa, wanawake wakaja mbio na furaha yao, wakiulizana kulikoni, jana si ilikuwa pole? Mzee Badi alimkamata binti yake kifundo cha mkono.

"Hongera, mwanangu," alisema, lakini hakuwa akimtazama. Alikuwa akizitazama nyuso zinazokuja, moja baada ya moja.

Neno alilolitamani alikuwa amelipata, na Mastura hakujua atabasamu, au amwingize baba yake ndani afunge mlango.