Nafasi ya Mbinya

Kamene alikuwa amemwekea Mzee Shitanda kinyongo kwa miaka ishirini na minne, na hakikupungua hata chembe. Ndiyo maana Siku ya Mtaa ilipotangazwa hapa Shauri Moyo, alijitolea kuwa mshereheshaji. Akamwambia Shitanda, mwenyekiti wa mtaa, aje na familia nzima, mpaka wajukuu, wakae mstari wa mbele. Mzee akavimba kichwa.

Ubao ulikuwa umeshatundikwa kwenye ukuta wa shule ya chekechea: SHULE HII ILIOKOLEWA NA MZEE SHITANDA. Kamene alipousoma alijua ni uongo. Tingatinga la mnyakuzi wa ardhi lilipokuja kuibomoa, waliolala mbele yake ni akina mama wanne, mmoja wao Mbinya, mama yake. Kamene alikuwa na miaka tisa na aliona yote kwa macho yake. Mbinya alivunjwa nyonga, akachechemea mpaka alipozikwa mwaka jana. Hakuna aliyethubutu kusema, maana shida zote za mtaa zilipitia mlangoni kwa Shitanda.

"Sasa tuigize siku ile," Kamene akasema kwenye kipaza sauti. "Akina mama mlioilinda shule, kila mmoja alale pale pale alipolala."

Watatu waliobaki wakatandika leso zao chini. Kati ya Mama Lydiah na Mama Nabiswa pakabaki pengo la mtu mmoja.

"Mwenyekiti, nawe chukua nafasi yako."

Shitanda akavua koti, akajilaza kwenye lile pengo huku akicheka. Watu wakapiga makofi.

Mama Lydiah akajiinua kwa kiwiko. "Toka hapo. Hapo ni pa Mbinya. Wewe hukulala chini. Ulikuwa juu ya tingatinga, ukimwonyesha dereva njia."

Makofi yakakatika.

"Zii, buda!" kijana mmoja akamzomea mzee kutoka nyuma. "Ati ulikuwa na hao wasee wa kunyakua ardhi?"

Shitanda akainuka, vumbi limemjaa mgongoni. "Kamene, mwanangu, haya tuyamalize nyumbani."

"Mama naye alikuita 'ndugu yangu'," Kamene akamjibu, "alipokuomba umsimamishe dereva."

Akamwita Kimani, mchoraji wa ubao, alete rangi na brashi, akamkabidhi Shitanda. Shitanda alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Hata mkewe aliinamisha uso. Shitanda akalifuta jina lake kwa rangi nyeupe. Kamene alimwona alivyozeeka na hakumhurumia. Alimkumbuka mama yake akishikilia ukuta kila alipokwenda msalani.

"Babu, ni kweli?" mjukuu mdogo akauliza.

"Sasa andika Mbinya," Kamene akasema, akimsogezea kipaza sauti mdomoni. "Na kila herufi uitamke kwa sauti, wajukuu wako wasikie."