Salamu Niliyotoka Nayo Norwei

Nilizaliwa Lufingo, kwa Wanyakyusa, nikazeekea Norwei. Niliporudi, dalali alining'ang'ania nipange Uyole, ndani ya jiji la Mbeya, eti huko kuna kila kitu. Nikamwambia kila kitu ninacho, ninachokosa ni mtu wa kunisalimu kwa Kinyakyusa. Nikapanga Tukuyu, kwenye baridi na mvua isiyokatika.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta bibi wa jirani akimenya ndizi na binti yake, wakiongea Kinyakyusa na kucheka. Salamu yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu kwenye ndege.

"Mugonile, mama," nikasema.

Binti akaacha kumenya. Bibi akanitazama kwa huruma, kisha akanijibu kwa Kiswahili, polepole, ili nimwelewe:

"Salama, mgeni. Umepotea?"