Mtoto wa Pili Mferejini

Kou Mancang alipolazwa hospitalini mjini Lanzhou kwa ugonjwa wa damu, mkewe Suqin aliuza kondoo wote, kisha akauza na pikipiki ya magurudumu matatu, na hospitali ikavimeza vyote kama mchanga unavyomeza mvua. Ndipo Geng alipomfuata kwenye korido, kijana wa kizibao chekundu na simu mbili mkononi. Kazi yake ilikuwa kupita wodi hadi wodi akiwatafutia wagonjwa wachangiaji kwa njia ya simu.

"Shangazi, cheti cha daktari kila mtu anacho," alimwambia. "Watu wamechoka kuchangia ugonjwa. Siku hizi wanachangia mtu. Haya, mumeo ni nani?"

"Mkulima tu. Analima mahindi."

"Wakulima wamejaa. Fikiri vizuri. Hajawahi kufanya jambo?"

Suqin akainama. Jambo lilikuwepo.

Miaka mingi nyuma watoto wawili wa kijijini walitumbukia kwenye mfereji mkuu wa kumwagilia mashamba. Mancang alijitosa na nguo zake, akamshika aliyekuwa karibu, msichana aitwaye Caixia, akamlaza ukingoni, akarudi majini. Yule wa pili, Jinbao, hakumpata. Alikutwa kesho yake kwenye wavu wa pampu.

Tangu hapo Mancang hakuwahi kulisimulia. Mtu akianza kumsifu, aliinuka akaenda zake. Ila kila mavuno, kabla hajagusa mahindi yake, alianza na shamba la mama yake Jinbao, mjane wa nyumba ya pili. Hakuombwa, wala hakushukuriwa. Mjane alimwekea bakuli la tambi kwenye tuta. Alikula, akalisuuza, akaendelea kukata. Maisha yakaenda hivyo, na kati ya nyumba zile mbili neno mfereji halikutajwa kamwe.

Suqin alimsimulia Geng nusu yake. Alisema mumewe aliokoa mtoto, akaishia hapo. Alijiambia kwamba hadithi fupi ndiyo inayosikilizwa.

Geng alijipiga paja kwa furaha. "Shangazi, ulikuwa umeficha dhahabu!"

Akaiweka hadithi ile mtandaoni siku hiyohiyo, akamfundisha pia kumshukuru kila mchangiaji kwa sauti yake mwenyewe, kwa jina. "Mtu akisikia jina lake, si mgeni tena. Atakuletea ukoo mzima." Basi Suqin akawa anakaa kwenye ngazi za hospitali, mdomo kwenye simu, akiwashukuru watu asiowajua hadi sauti ikakauka. Wengine walimjibu kama ndugu. Mwanamke mmoja wa mbali alimuuliza kila asubuhi kama mgonjwa amekula. Suqin alikuja kuzipenda sauti zile; alilia nazo kuliko alivyowahi kulia na majirani.

Kisha Caixia mwenyewe akajitokeza kutoka jimbo la mbali la Guangdong, alikoshona viatu kiwandani. "Mtoto yule ni mimi," aliandika, akaweka picha ya mwanawe mchanga. Hapo habari ikashika kama moto kwenye nyasi kavu.

Chini ya picha ile, mama yake Jinbao akaandika maneno machache: "Walikuwa wawili. Wangu alibaki majini."

Watu wakamvamia.

"Mchawi wewe, una wivu na mtu mahututi!"

"Ungejitosa mwenyewe basi, bibi!"

"Huenda hata hilo toto hukuliangalia!"

Mtu akaipata namba yake, akaisambaza. Suqin alimpigia Geng. "Futa matusi hayo. Yule ni jirani yangu."

"Futa? Shangazi, ugomvi unakimbia kuliko huruma. Hebu tazama michango kwanza."

Akatazama. Fedha za kupandikiza uboho zilikuwa karibu kutimia. Aliandika mstari mmoja: Anasema kweli, walikuwa wawili. Aliusoma, akaogopa mfereji wa fedha usije ukakauka, akaufuta. Kisha akaendelea kushukuru.

Mancang alizipata habari kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefungulia simu kwa sauti kubwa. "Kumbe nalala chumba kimoja na shujaa, na hata huniambii!" Mancang akaiomba simu ile, akasoma hadi chini kabisa. Suqin alipoingia na uji wa mtama, hakuupokea.

"Umewaambia walikuwa watoto wangapi?"

"Ulitaka ninyamaze ufe?"

"Sikuuliza hilo. Wangapi?"

"Mmoja," alisema Suqin.

Mumewe akageukia ukutani. Baadaye, bila kugeuka, akasema, "Mpigie."

Suqin alipiga mara nyingi kabla simu haijapokelewa.

"Dada, ni mimi, Suqin. Nisamehe, dada. Sikujua kama..."

"Ulijua," mjane alisema kwa upole kabisa. "Ulikuja kunisaidia kumvalisha nguo za maziko. Mwambie mumeo apone, sina kinyongo naye. Lakini shamba langu asilikanyage tena. Watu wanapiga simu usiku kucha, Suqin. Wananiuliza kwa nini sikufa mimi."

Akakata. Suqin alirudi wodini akasema laini ilikuwa mbovu, hakusikia vizuri.

Fedha zilitimia, na uboho aliopandikizwa Mancang ukashika. Alirudi kijijini majira ya joto, amekonda, kofia ya sufu kichwani. Majirani walilipua fataki, na Geng akaleta mtu wa kupiga video ili wachangiaji wamwone shujaa wao. "Mjomba, sema asante tu, neno moja!" Mancang akawapita, akaenda moja kwa moja hadi lango la nyumba ya pili. Lilikuwa na kufuli. Mjane alikuwa amehamia kwa dada yake mjini Baiyin tangu kabla ya Mwaka Mpya, na namba ya simu amebadilisha. Mancang alisimama pale hadi mpiga video akachoka kumngoja.

Siku hizi anakula chakula cha Suqin, na akiulizwa anajibu. Siku moja wakipukuchua mahindi uani, Suqin akashindwa kuvumilia. "Ungependa nisingefanya vile?"

Mancang alimaliza kupukuchua hindi, akatupa gunzi. "Sijui," alisema.

Suqin alingoja aongeze neno. Mancang akachukua hindi jingine.