Mji Ndani ya Kichuguu

Agnès Mianda na mumewe, Henri Ngoyi, walipopata kiwanja pembeni mwa Kolwezi, upande wa barabara ya Nzilo, walikipenda kwa ukubwa wake. Kilichowaudhi ni kichuguu kilichosimama kwenye kona ya juu, kirefu kuliko nyumba, kipana hata miti ilikuwa imeota mgongoni mwake. Henri alisema siku moja atakibomoa.

Mwaka wa kwanza udongo uliwatesa. Agnès alikulia Kapanga, ambako mbegu iliyoanguka njiani huota yenyewe. Alipanda lengalenga, yaani mchicha, na vitunguu mahali peupe nyuma ya jiko. Miche ilichomoza, ikageuka njano, ikafa. Yalistawi maua madogo ya zambarau tu, ambayo hakuna aliyeyapanda.

"Hapa chini kuko shaba, Mama Agnès," jirani yake Bilkisi, muuza vitenge, alimwambia. "Ile maua njo alama yake. Shaba inaunguza mizizi. Hata kwangu ni vile vile."

Kisha likaja tatizo la choo. Henri na mdogo wake Mbuyu walichimba fosse septique, shimo la kupokea maji machafu ya choo, upande wa chini wa kiwanja, wakagonga tabaka jekundu, gumu kama jiwe, lisilonyonya maji. Mvua za Januari ziliposhuka, shimo lilijaa, uchafu ukarudi mpaka mlangoni, na ukuta wa choo ukapasuka toka juu hadi chini. Agnès alilia kwa hasira.

"Tutaipeleka juu," Henri alisema. "Kule udongo iko muzuri, inakunywa maji."

Lakini kule juu nafasi yote ilikuwa ya kichuguu. Basi kiangazi kilipokolea, Jumamosi moja, ndugu wawili wakaanza kukikata. Ganda lake lilikuwa gumu hata sururu zikawa zinaruka na kuwaumiza viganja. Karibu na adhuhuri ufa ukajitokeza, Mbuyu akapiga kelele, wakaruka pembeni. Ubavu mzima ukameguka na kuporomoka.

Vumbi lilipotulia, wakasogea kutazama.

Ndani kulikuwa na mji. Vyumba juu ya vyumba, kuta zake laini kama zilizopigwa lipu kwa mkono, na njia zilizopinda zikipanda na kushuka kati yake. Katika vyumba vingine mchwa walikuwa wamelima bustani zao za uyoga, nyeupe, zenye matundu kama sifongo. Katikati lilishuka bomba pana, giza tupu, lisiloonyesha mwisho. Mbuyu alipeleka mkono kwenye mdomo wa bomba hilo, akaurudisha upesi.

"Yaya, inapumua!" alimwita kaka yake.

Henri akapiga magoti, akaweka uso wake pale penye tundu. Hewa yenye ubaridi ilimgusa mashavuni. Yeye ni dereva wa malori makubwa ya mgodini. Kila siku huteremka ndani ya shimo ambalo watu wa chini wanaonekana kama nukta. Hakuwahi kuvua kofia yake kule. Hapa aliivua.

"Sisi, kwa kupeleka hewa chini ya udongo, tunahitaji mashini," alisema polepole. "Hawa nani alibafundisha?"

"Subhanallah," Bilkisi alijibu. Alikuwa amevutwa na kishindo, sasa amesimama na kiganja kifuani.

Agnès aliwatazama mchwa wenyewe. Wengine walikuwa wanabeba mayai kuyaingiza ndani. Wengine walikuwa wameshaanza kuziba, kila mmoja na chembe ya tope mdomoni. Alichukua tope lile kwa kidole.

"Henri, gusa. Iko mubichi. Mvua ilikatika tangu Avril, hata kisima yetu iko karibu kukauka. Banatoa wapi maji?"

"Chini kabisa," Henri alinong'ona. "Banashuka mpaka kwenye maji."

Alisimama, akaegemeza sururu kwenye ubavu wa kichuguu uliobaki. "Tunaacha. Nafasi yenye tulipata inatosha."

Fosse ilichimbwa pale palipofunguka, mbali na kisima, na udongo ule ukanyonya vizuri kama Henri alivyosema. Sehemu ya udongo ulioanguka walifyatulia matofali ya choo kipya. Uliobaki Agnès aliuponda, akauchanganya na samadi, akainua matuta mazito juu ya ardhi yenye shaba. Mvua zilipoanza tena, lengalenga ilitoa majani mapana kuliko kiganja chake. Alichuma fungu la kwanza akampelekea Bilkisi, naye akatoka na ndoo tupu kuomba udongo.

Wakati huo jeraha la kichuguu lilikuwa limeshafungwa. Asubuhi moja, akienda kazini, Henri alipita pale akaweka kiganja kwenye ukuta mpya. Akasimama hivyo kitambo, gari la kampuni likipiga honi barabarani.