Kifungu cha Saba na Swali la Olipa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa kikao, na mwenyekiti wa kikao ni tranka.

Ni lile tranka letu la bluu lenye kufuli bovu. Limewekwa kwenye kiti kirefu cha Mkuu wa Kitivo, na mbele yake kuna chupa ya maji na kipaza sauti. Nililitambua mara moja, nikaomba radhi kwa kuchelewa.

"Miaka minne, Daktari Mwaisumo," tranka likasema. "Katibu, andika kwamba amefika."

Katibu akaandika.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo si la ndotoni, na aibu yake ni ya kweli. Mimi nafundisha fizikia chuoni. Miaka minne iliyopita Kitivo chetu cha Sayansi kilisaini makubaliano na Kitivo cha Elimu ya kupeleka sayansi kwa watoto wa shule za msingi, tukapanda hadi Ilindiwe, huko milimani kusini ambako watoto huvaa sweta mwaka mzima na viazi hulimwa mpaka kwenye mlango wa darasa. Tulikwenda na darubini mbili, sumaku, na maneno mengi. Saa ya kuondoka ilipofika vidole vilikuwa bado viko juu, basi tukawaambia watoto waandike maswali yao, tutawajibu kwa barua. Waliandika sitini na matatu. Tukayafungia kwenye tranka, tukapiga picha, tukashuka.

Sisi wa Sayansi tulijua kwamba Elimu watayajibu, maana wao ndio wanaojua kuzungumza na watoto. Elimu walijua kwamba tutayajibu sisi, maana majibu tunayo sisi. Hakuna aliyedanganya. Kwenye ripoti ya mwaka kila kitivo kilikishukuru kingine kwa kazi nzuri.

Haya, turudi kikaoni.

"Ajenda ni moja," tranka linasema. "Kifungu cha Saba. Kisomwe."

Katibu anasoma: "Swali la mwanafunzi litajibiwa na mshirika aliye karibu nalo." Kifungu hicho nilikiandika mimi, na wakati ule kilionekana kina maana.

"Wapimwe," tranka linasema.

Anaingia fundi seremala na futi kamba. Anapima kutoka kwenye tranka hadi kwangu: mita nne. Anapima kutoka kwenye tranka hadi kwa Dokta Mwanahawa Shehoza wa Kitivo cha Elimu, aliyekaa upande wa pili: mita nne kamili. Huyu Mwanahawa tulikuwa tukinywa kahawa pamoja kila Ijumaa, tukibishana mpaka mhudumu anatuondolea vikombe. Tangu ilipojulikana kwamba tranka halikufunguliwa na yeyote, tumebaki kusalimiana kwa kichwa.

Nikasogeza kiti changu nyuma kidogo, nipate upepo. Naye akasogeza chake. Nikasogea tena. Akaomba radhi kwa ukuta, ukuta ukampisha, akaendelea kurudi nyuma na kiti chake.

"Mimi sasa niko Muheza, Dokta," sauti yake ikaja kwa mbali. "Wewe ndiye uliye karibu."

"Na mimi niko jikoni kwa mama yangu, Tukuyu," nikamjibu. Ilikuwa kweli. Mama alikuwa anapepeta maharage, na kiti changu kilikuwa kimekanyaga ungo.

"Leo si siku ya kazi?" Mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni siku ya kazi, Mama."

"Basi nenda kazini, mwanangu. Unanizibia mwanga."

Nikarudi kikaoni, kwa sababu mama yangu sijawahi kumshinda hata ndotoni.

Ndipo nikayaona maswali. Yalikuwa yamekaa kwenye mabenchi pembeni mwa ukuta, yakingoja kuitwa. Miaka minne ni mingi kwa swali. Lile la kwa nini kinyonga hubadilika rangi lilikuwa limeota ndevu. Lile la umeme hulala wapi ukikatika lilikwishachoka, likaenda zake. Wenzake walisema siku hizi linauza mkaa. Moja tu halikuwa limebadilika. Lilikuwa fupi, limevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko, na lilikuwa na sura ya mtoto aliyeliandika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni swali gani?"

"Mimi ni swali la Olipa Tweve, darasa la tano."

"Jisome."

Likasimama wima, mikono nyuma, likajisoma: "Mwalimu, umetuambia mwanga wa nyota unasafiri miaka mingi ndipo tunauona. Sasa mtu akiwa kwenye nyota akituangalia sisi, anaona mambo yetu ya zamani. Je, anamwona mama yangu bado yuko hai?"

Tranka likanywa maji.

Nilimkumbuka Olipa. Alikaa benchi la tatu. Mwalimu mkuu alininong'oneza wakati wa chakula kwamba mtoto yule alifiwa na mama yake mwaka mmoja nyuma. Nikasema, "Pole yake," nikachukua kiazi kingine.

"Swali lako limepokelewa," nikaliambia, "na linafanyiwa kazi."

"Kazi gani, Mwalimu?"

Miaka ishirini na miwili nimeitumia sentensi ile, kwenye barua, kwenye simu, hata msibani, na sijawahi kuulizwa ni kazi gani. Nikatazama huku na huku nipate wa kunisaidia. Kiti cha Mwanahawa kilikuwa Muheza.

"Twende tukaulize," nikasema.

Tulipofungua mlango, nje palikuwa uwanja wa shule ya Ilindiwe, saa sita mchana, jua kali na baridi yake. Nyota zote zilikuwa kazini. Zilikaa kila moja kwenye dirisha lake, madirisha madogo ya mbao kama lile la kuchukulia matokeo, kando ya shamba la viazi. Kwenye dirisha la kwanza ilikaa nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, imevaa miwani, daftari kubwa mbele yake.

"Tunamtafuta mama yake Olipa Tweve," nikasema.

Nyota ikalowesha kidole, ikafunua kurasa. "Alikuwepo hapa. Ametoka miezi minane iliyopita."

"Ametoka vipi?"

"Kwenu ametimiza miaka mitano tangu afariki. Mwanga wa kwenu hunifikia baada ya miaka minne na miezi minne. Toa mwenyewe, si wewe mwalimu wa fizikia?" Ikavua miwani, ikaifuta. "Siku mliyoshuka na tranka lenu nilikuwa namwona vizuri kabisa, anavuna viazi. Ningeulizwa siku ile ningesema ndiyo. Mwaka uliofuata ningesema ndiyo. Wa pili, ndiyo. Wa tatu, ndiyo. Hakuja mtu."

Swali halikulia. Lilivuta tu mikono ya sweta ikafunika vidole. Mimi nilitamani ardhi ya shamba lile inifukie na viazi vyake.

"Ila Mwaisumo mmoja ninaye," nyota ikasema, kidole bado kwenye ukurasa. "Sekela Mwaisumo. Ni wa kwako?"

"Ni wa kwangu."

"Huyu yupo. Atakuwa hapa mwaka mmoja na miezi minne zaidi."

Mke wangu tulimzika miaka mitatu iliyopita. Nyota ikafungua kitasa, ikasukuma kioo kilichokuwa nyuma yake inchi tatu hivi, ikanipisha nichungulie.

Sekela amekaa kwenye kigoda, uani kwetu. Anashona kifungo cha shati langu la michirizi. Anazungumza na mtu aliye kwenye kiti cha kamba, na mtu huyo ana gazeti usoni. Ni mimi. Ananieleza jambo, anacheka, ananyamaza angojee nicheke, na mimi sishushi gazeti. Nikamwita yule mjinga kwa jina lake lote ashushe gazeti amtazame mkewe. Hakusikia.

Nilimtamani mke wangu mpaka mbavu zikaniuma. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

"Naruhusiwa kukaa?" nikauliza.

"Ruhusa ipo na kiti kipo," nyota ikasema. "Lakini dirisha nafunga saa sita na nusu, na madirisha yote hufungwa kwa pamoja. Swali litakalokuwa halijajibiwa nikifunga litapelekwa masjala."

"Na kutoka masjala hurudi lini?"

"Hilo nalo ni swali," nyota ikasema, ikaliandika.

Saa ya kwenye ukuta wa shule ilisema saa sita na dakika kumi. Nikakaa. Sitajitia wema hapa: nilikaa. Nilimtazama akipitisha sindano, akikaza fundo, akikata uzi kwa meno kama nilivyomkataza miaka yote. Dakika zilikwenda. Nilijua kuna mtoto nyuma yangu na sikugeuka.

"Kaa tu, Mwalimu," swali likasema taratibu. "Mimi nimezoea."

Kama lingelia ningeendelea kukaa. Nikainuka. Sekela alikuwa ndiyo kwanza anakunjua shati alitazame kwenye mwanga, na sikuona kama alilipenda.

Tukakimbia kando ya viazi, dirisha hadi dirisha, mpaka kwa ile nyota inayong'aa kupita zote. Ni nyota yenye sauti kubwa na haina foleni.

"Miaka minane na miezi saba!" ikatupokea. "Mnamtaka nani?"

Nikaitajia. Haikufungua hata daftari.

"Namwona. Yuko njiani anatoka kisimani, kajifunga kitenge cha njano. Nyuma yake yuko mtoto wa miaka sita na kijindoo. Mtoto anauliza maswali njia nzima, na mama anayajibu yote."

Saa ilikuwa sita na dakika ishirini na mbili.

"Mwalimu, niandikie," likasema. "Nimpelekee mwenyewe Olipa. Sasa yuko kidato cha pili, hasahau, lakini haulizi tena."

Nikatoa daftari langu, nikaandika haraka: "Kwa kuzingatia kwamba kasi ya mwanga ni takriban kilometa laki tatu kwa sekunde, na endapo mtazamaji atakuwa katika umbali unaolingana na..." Swali likachungulia, likasoma, likaniangalia kwa huruma.

Saa sita na dakika ishirini na tano. Nikageukia upande wa Muheza.

"Mwanahawa," nikasema, sikupaza hata sauti. "Jibu ninalo. Kulisema siwezi. Njoo."

Akatokea kwenye matuta ya viazi, kiti chake kichwani, miguu imejaa udongo.

"Miaka minne nangoja uniite," akasema.

"Na mimi nilikuwa nangoja wewe uniite."

"Tutagombana Ijumaa. Lete kalamu."

Akalikata "kwa kuzingatia." Akaikata "takriban," akaukata umbali wote pamoja na sekunde zake. "Ulikuwa unamwandikia nani haya, Dokta? Huyu ni mtoto na anamtaka mama yake." Yule fundi wa futi kamba alikuwa ametufuata, akatupima na swali, akakuta sifuri huku na sifuri huku, akakunja kamba yake akaenda kula. Tukaandika tukiwa tumeinama juu ya goti langu moja, yeye akitamka na mimi nikisahihisha miaka:

"Ndiyo, Olipa. Jioni ukitoka nje tafuta nyota inayong'aa kupita zote. Aliye huko akiitazama Ilindiwe leo anamwona mama yako anatoka kisimani, nawe uko nyuma yake na ndoo. Samahani tumechelewa. Ulipotuuliza, hata nyota ya jirani ilikuwa ikimwona."

"Hilo la mwisho tuliache?" nikauliza.

"Tuliache. Ni haki yake kujua."

Nikachana ukurasa. Swali likaukunja mara nne, likautia kwenye soksi kwa kuwa mfuko wa sweta ulikuwa umetoboka, likasema asante, likateremka mbio kati ya viazi. Nyuma yetu madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine, na lile la kwanza nalo. Sikugeuka kulitazama kwa kuwa nilijua nikigeuka sitaondoka.

Nikaamka. Kumekucha, majogoo wa jirani wanawika, upande wa pili wa kitanda mtandio wa Sekela umekunjwa juu ya mto kama ninavyouweka kila siku.

Daftari langu la semina lilikuwa juu ya meza ndogo, limefunguka. Ukurasa mmoja umechanwa. Sikushtuka, mtu huchana karatasi akasahau. Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa umeandikwa kwa penseli, iliyokandamizwa mpaka ikaacha mitaro, na nyumbani kwangu hakuna penseli. Ulikuwa mwandiko wa msichana aliyekwisha kukua kidogo.

"Mwalimu, nimeiona. Nimepiga hesabu, mama amebakiza pale miaka mitatu na miezi saba. Baada ya hapo nimtafute kwenye nyota ipi?"

Sikungoja kikao. Nilikaa palepale kitandani na kalamu, nikaanza kuorodhesha nyota za mbali zaidi, moja ya mama yake Olipa na moja ya Sekela.