Nyekundu Mbele ya Mlango Wangu

Mama yangu, Doña Eudosia, alikuwa hajashuka ngazi zetu kwa miguu yake tangu Krismasi ya mwaka juzi. Si kwamba hawezi kutembea. Nyumbani anazunguka kutwa nzima, akikagua sufuria zangu na kunisema. Lakini kutoka kwetu hadi barabara ya mabasi ni ngazi tupu, hakuna pa kushika wala pa kukaa, na magoti yake yameshachoka. Kwa hiyo akitaka kwenda kliniki au kanisani, hubebwa mgongoni na Wbeimar, mtoto wa kaka yangu, mpakiaji wa sokoni. Anachukia kubebwa kuliko anavyochukia sindano.

"Nimekuwa gunia la viazi," husema. "Hata nikitaka umbea, mpaka niombe usafiri."

Basi tuliposikia manispaa ina fungu la kutengeneza ngazi za milimani hapa Medellín, nilifika mkutanoni kabla viti havijapangwa. Injinia Yaneth Ossa akatueleza utaratibu. Watatembea na mtu anayepata taabu kuliko wote, na kila kipande cha ngazi sisi wakazi ndio tutakaotaja rangi, yeye ataipaka kwa chaki. Kijani ni pazuri, njano panavumilika, nyekundu pabaya. Mtaa wenye nyekundu nyingi utatangulia kujengwa.

"Na tafadhali, msibadilishe chochote," akasema. "Nataka kuuona mtaa ulivyo."

Tukaitikia wote, watu wenye adabu zetu. Kisha tukaenda kufanya kinyume. Jamani, mgeni anakuja kwako, nawe umwonyeshe uchafu? Jumamosi tukaitana msaragambo, kama tulivyozoea, sufuria kubwa ya sancocho, supu yetu ya nyama na viazi, ikichemka pembeni. Tukaziba mashimo, tukapanga maua, tukapaka ukuta wa ngazi rangi ya bluu, tena ikapakwa jioni, hewa ya mvua, isikauke.

Jumapili asubuhi tukaanzia chini, Mama akiwa mgongoni kwa Wbeimar. Sasa, ujue kwamba ngazi hizi hazikujengwa na serikali. Kila familia ilimwaga zege mbele ya mlango wake, na kila mtu anajua kipande kipi ni cha baba wa nani. Injinia akasimama mbele ya Doña Nelfa, hasimu wa Mama tangu ujana wao.

"Hapa mnasema rangi gani?"

"Kijani!" akasema Doña Nelfa, mikono kiunoni. "Zege la marehemu baba yangu hilo. Kuna mtu ana neno?"

Nani awe na neno? Tukapanda. Kwa Don Arnulfo, kijani. Kwa wale mapacha wa ushonaji, kijani, na vikombe vya kahawa juu yake. Kila mmoja alijua tunahitaji nyekundu, ila kila mmoja aliitaka mbele ya mlango wa jirani. Injinia alikuwa akiuliza, "Mna hakika?" na sauti yake ikizidi kuwa ndogo. Nilikuwa naona wazi fungu letu linavuka bonde kwenda mtaa wa pili, na Mama anazeekea dirishani.

Tukafika kwetu. Kipande cha mwisho, kikali kuliko vyote, alichokijenga baba yangu. Injinia akanitazama.

"Na hapa, Doña Nubia?"

Nilifungua kinywa. Haki ya Mungu sijui ningesema nini, maana niliuona uso wa baba yangu pale pale kwenye zege.

"Nishushe," Mama akamwambia Wbeimar.

"Bibi, tumeshafika, bado kidogo tu..."

"Nishushe, nimesema! Huyu mgeni kaja kutazama ngazi au mgongo wako?"

Akashushwa. Nilipotaka kumshika mkono, akanipiga kofi la vidole. Akaanza kupanda mwenyewe, kiganja kwenye ukuta, mguu mmoja, kisha wa pili kuufuata, kisha anasimama kuvuta pumzi. Nusu ya njia akaketi kwenye ngazi, uso umelowa jasho, viganja vyote bluu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na safu ya alama za mkono wake, kila alipotafuta pa kushika akapakosa.

"Mume wangu alijenga vizuri," akasema akihema. "Lakini alijenga akiwa na miguu ya kijana. Nyekundu. Andika."

Chaki ikapita. Mimi nikalia, sijifichi, nililia mbele ya watu.

Kutoka chini tukasikia sauti ya Doña Nelfa. "Haya basi! Na kwangu futa! Jana nimeteleza na ndoo, sikutaka tu huyu Eudosia anicheke."

"Ningecheka," akasema Mama.

Watu wakaangua kicheko, na kila mmoja akaanza kumwita injinia arudi kwake. Kabla hajashuka alitoa futi yake akapima alama za bluu, kimo chake na umbali wake, moja baada ya nyingine. Vyuma vya kushikia vilipokuja, vilifungwa pale pale, vipande vingine hadi barabarani vikafuata kipimo hicho hicho, na vibao vya kukalia vikawekwa kila alipokuwa amesimama kuhema.

Wiki ile kazi ilipokamilika, nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba iko kimya. Nikaita, wapi. Nikampigia Wbeimar, yuko sokoni, hajambeba mtu. Nikazishuka ngazi mbio, nikitazama kila kona kama kuna aliyeanguka.

Nilimkuta barabarani, kwenye duka la mikate, kahawa mbele yake, akibishana na Doña Nelfa, hakuna anayesikia la mwenzake.

"Mama! Umeshukaje?"

Akanitazama toka juu hadi chini, kero tupu.

"Kwa miguu. Wewe umekuja kufanya nini? Nenda kapike, nitapanda nikimaliza."