Chupa Ishirini na Nne za Kamba

Tangu mkewe Zelia afe, miaka miwili nyuma, Roque alikuwa hafurahi wala halii. Alikula, alipiga deki korido za jengo la maofisi huko mjini, akarudi nyumbani mtaa wa Mount Dennis, huku ughaibuni, akakaa. Ukimwuliza hali anasema, "Nipo." Kitu pekee kilichomtoa maneno ni wakubwa: wakubwa wa hospitali, wakubwa wa nyumba, wakubwa wa uvuvi kule Malindi alikozaliwa. Hao angewasema kutwa nzima, bila kupandisha sauti, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Jumapili moja ya Machi 2012, baada ya misa, binti yake Lisa aliingia amekumbatia sanduku. Alikuwa anasomea shahada ya pili katika chuo kikuu kule karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, na mwaka uliotangulia alikaa Malindi miezi minane akikusanya kamba wa pwani. Alilifungua sanduku mezani. Chupa ishirini na nne, na ndani ya kila moja kamba wamelowekwa kwenye spiriti.

"Umepanda basi na hizi?" Roque alisema. "Wangekukamata, wangesema Mgoa anauza chang'aa."

Lisa hakucheka. "Papa, majina yamefutika."

Alikuwa ameyaandika juu ya chupa kwa kalamu ya wino. Spiriti ikavuja stoo, wino ukayeyuka, naye hakugundua hadi Ijumaa. Sasa hakujua chupa ipi ilitoka mdomo wa Mto Sabaki, ipi ilitoka kwenye mikoko ya Ngomeni, ipi ilitoka nje, kwenye kina kirefu. Alhamisi iliyofuata profesa alitaka matokeo yote. Bila hayo, kazi ya miaka miwili imekwenda na maji, na ufadhili unakatwa.

"Wewe umechambua kamba kwenye trola miaka kumi na mmoja," Lisa alisema. "Mama alikuwa akisema unajua kwao kamba hata ukifumbwa macho."

"Mama yako alikuwa akisema mengi."

Lakini kweli. Trola, ile meli ya uvuvi, ilikokota wavu, na Roque sitahani akitenga. Kamba weupe walipenda maji ya mto, yenye tope na chumvi iliyopungua. Wenye mistari walikaa nje, kwenye maji maangavu. Wadogo walilelewa mikokoni. Mvua ikinyesha bara na mto ukishuka mwekundu, weupe walisogea nao. Shule aliiacha darasa la nne. Haya mikono iliyajua yenyewe.

Alivuta chupa. Weupe huku. Wenye mistari kule. Wadogo katikati. Chai haijapoa, chupa zote zikawa na kwao, na Lisa alikuwa ameshaanza kuandika.

"Ngoja," Roque alisema. "Hiyo shahada yako inauliza nini hasa?"

"Kama ni maji yanayoamua kamba akae wapi. Chumvi, tope, kina."

"Na mimi nimezipangaje?"

Lisa aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Nimeona mweupe, nikasema wa mtoni. Wewe utaandika mtoni tulikuta weupe. Si mimi niliyewaweka?"

"Lakini ndivyo ilivyo, Papa! Kila mvuvi anajua."

"Huenda."

"Basi?"

Roque alikumbuka. Kwenye trola, nahodha alikuwa akitupa wavu karibu na mdomo wa mto, palipokatazwa, kwa kuwa ndipo kamba walipo. Katika kitabu cha safari akaandika maili nyingi nje, na Roque akatia sahihi. Wavuvi wadogo walipolalamika nyavu zao zimekatwa, walionyeshwa kitabu. Na faili la Zelia hospitalini lilisema mgonjwa aliondoka kwa hiari yake kabla ya kuonwa na daktari. Kumbe Zelia alikaa saa saba koridoni, karibu na mashine ya soda, Roque kando yake amemshikia koti. Roque alipokwenda kulalamika, walimsomea faili.

"Sahihi nimeshatia za kutosha," alisema.

"Hao walikuwa wakubwa! Mimi ni mwanao. Watanifukuza, na wewe utakaa hapo useme 'nipo'?"

Roque alijua hapa panatakiwa kuuma. Alipatafuta, kama ulimi unavyotafuta ufizi uliopigwa ganzi, asipate kitu. Akainua chupa moja, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Usitazame kamba. Tazama chini."

Vumbi jekundu liliteremka polepole. Sabaki. Nyingine ilikuwa na mchanga mweupe wenye chembe za kombe: nje. Nyingine tope jeusi: mikokoni. Waliziinamisha moja moja. Ya sita ilikuwa na kamba wenye mistari, na chini yake wekundu wa Sabaki. Roque alikuwa ameiweka nje.

Lisa aliihamishia upande wa mtoni.

Tisa zilikuwa na kitu chini. Kumi na tano, spiriti tupu.

"Hizo niliziosha vizuri," Lisa alisema. "Nilitaka ziwe safi."

"Basi hizo sijui."

"Unajua, Papa."

"Nadhani. Na umeona kudhani kwangu."

Alilia. Roque alimsogezea karatasi za kufutia pua, akangoja. Alipomaliza, Lisa alikata vijikaratasi, akaviandika kwa penseli, akavitumbukiza ndani ya chupa. Tisa zilipata majina. Kumi na tano aliziandikia "haijulikani", moja baada ya nyingine, zote kumi na tano.

Kisha akafungua kompyuta, akamwandikia profesa, kila sentensi akimwambia baba yake kwa Kiswahili. Alipofika "kosa ni langu", Roque alingoja ataje mkosaji wa pili: aliyeuza kalamu, mwenye stoo, chuo. Hakumtaja mtu. Akatuma.

"Atasemaje?" Roque aliuliza.

"Sijui. Labda nianze upya. Labda nitoke."

"Mm."

Lisa alichukua ile chupa ya sita. "Huyu alifikaje mtoni?"

Roque alivuta kiti chake karibu na cha bintiye. "Huenda kilikuwa kiangazi. Mto umelala, chumvi imepanda, naye akaingia. Au alipotea tu."

"Niandike lipi?"

"Andika ulimkuta hapo."